Pacha wa Kadi

Jumamosi iliyopita, muda mfupi baada ya chakula cha mchana, Veridiana Kihwele aliota kwamba kadi yake ya benki imekaa jikoni inakunywa chai.

Alikuwa amejinyoosha kwenye kochi la sebuleni, nyumbani kwake Kihesa, mjini Iringa, miguu juu ya stuli na sweta kifuani. Mumewe, Gaudensi, alikuwa uani akikarabati kiti. Veridiana hushona mapazia kwa riziki, na kila Jumapili huimba sauti ya pili katika kwaya ya kigango chao. Kwa miaka sita amekuwa pia mweka hazina wa kwaya hiyo, kazi aliyopewa siku ambayo hakuhudhuria kikao. Kwaya ilikuwa imechanga mwaka mzima ili kununua kinanda kipya, kwa sababu cha zamani kilikuwa na vitufe saba visivyolia na kimoja kisichonyamaza. Michango yote ilikaa kwenye akaunti ya Veridiana, maana kwaya haikuwa na akaunti yake na kila mtu alimwamini. Huko kuaminiwa ndiko kulikomnyima raha, kuliko hata hela zenyewe.

Basi kadi imekaa mezani. Ina kimo cha mtu mzima aliyeketi, rangi ya bluu iliyopauka pembeni, na jina la Veridiana limeinuka kifuani kwa herufi kubwa. Kikombe imekishika kwa kona. Veridiana hashangai. Anachouliza ni kama imetia sukari, kwa kuwa sukari imebaki kidogo. Kadi inamjibu kwamba haikutia. Ina jambo zito la kusema, na haioni vizuri kulisema ikiwa na kitu kitamu mdomoni.

"Mama," ikasema, "tangu asubuhi nina pacha."

Veridiana akakumbuka asubuhi. Alikuwa amekwenda mjini kununua kitambaa cha mapazia ya nyumba moja ya wageni, meta arobaini, rangi ya maziwa. Alipotaka kulipa, muuza duka, mwanamume mchangamfu mwenye kalamu sikioni, alimwambia kuwa mashine haishiki vizuri pale mbele, akaichukua kadi na kupita nayo nyuma ya pazia. Alikaa huko kitambo. Veridiana hakuingiwa na wasiwasi, kwani muda wote alikuwa akilitazama lile pazia lenyewe, akisikitika jinsi pindo lake lilivyoshonwa ovyo na kujiuliza ni nani aliyemlipa fundi yule. Kadi iliporudi aliitia kwenye mkoba, akashukuru, akaenda zake.

Kadi ikaeleza yaliyotokea huko nyuma. Ililazwa juu ya kitu kidogo cheusi ambacho hakikuwa mashine ya malipo. Ikasikia kama inapapaswa mgongoni. Ilipoinuka, pembeni yake alikuwepo mwingine, ana jina lilelile kifuani na tarehe ileile ya mwisho wa kutumika. Ikamwamkia kwa adabu. Yule mwingine hakuitikia, akatoka kwa mlango wa uani.

Veridiana akauliza yuko wapi sasa.

Kadi ikasema anatembea tu mjini. Hajanunua kitu bado, maana hajui namba za siri. Lakini anaulizia.

Hapo wakasikia vishindo chumbani. Veridiana akaenda kufungua mlango, akawakuta wapangaji wake aliowaficha kwa miaka sita. Ni namba zake nne za siri, wanawake wanne waliokaa kitandani kwa mstari, wamevaa vitenge vya sare. Wa kwanza ni Moja, anayefuata ni Tisa, halafu Saba, na mwisho ni Moja mwingine. Wale Moja wawili walikuwa wakibishana nani amtangulie nani, ubishi ambao inaelekea ulikuwa wa siku nyingi.

Kadi ikawatazama, kisha ikamtazama mwenye nyumba. Ikamuuliza, kwa upole, kama huo si mwaka wake wa kuzaliwa.

Veridiana akakubali kwamba ndio.

Kadi ikamwomba afungue dirisha. Nje, mama mmoja aliyebeba ndoo ya nyanya akapunga mkono na kuwaamkia wale wanne kwa majina, mmoja mmoja, kwa mpangilio sahihi. Muuza mkaa naye akawaulizia hali. Mbuzi wa jirani akainua kichwa, akawatambua, akaendelea kula. Kihesa nzima iliwajua. Veridiana alipotimiza miaka hamsini aliwakata kwa karatasi ya dhahabu na kuwabandika juu ya mlango, wakakaa hapo hadi mvua za masika, na picha yao akaiweka kwenye keki.

Wakati Veridiana anaona aibu, simu ikaita ndani ya sufuria. Akafunua kifuniko. Sauti tamu, ya mtu aliyelelewa vizuri, ikajitambulisha kuwa inapiga kutoka makao makuu ya benki. Ilimjua kwa jina. Ilijua anaimba sauti ya pili. Ikamwambia kuna watu wabaya wanaifuatilia kadi yake, na ili kuilinda, makao makuu yanaomba kuazimwa zile namba nne kwa dakika tano tu, zihakikiwe na kurudishwa. Gari la kuwachukua lipo njiani.

Saba alikwisha kuvaa viatu. Tisa aliuliza kama huko wanakokwenda kuna chakula.

Veridiana alilelewa katika nyumba ambayo mgeni hanyimwi kitu akiomba kwa heshima. Akafungua kinywa kukubali, na kadi ikamziba kwa kona yake.

"Mama," ikamnong'oneza, "benki haijawahi kuwaona hawa wanne, wala haitaki kuwaona. Anayewaomba si benki."

Veridiana akaiambia ile sauti kwamba wageni wake wameshikwa na homa ya ghafla, hawawezi kusafiri. Akarudisha kifuniko. Sauti ikaendelea kuwa tamu humo ndani kwa muda, kisha ikaanza kunuka kuungua, naye akaepua sufuria.

Baada ya hapo hapakuwa na la kufanya isipokuwa kuagana. Aliwaeleza wale wanne kwamba hawana kosa, ila siri ambayo hata mbuzi anaijua si siri tena. Akawafungia maandazi kwenye gazeti. Walipokea vizuri kuliko alivyotarajia.

"Tulikuwa tunajua," akasema yule Moja wa mwisho. "Hatukuwahi kujificha sawasawa."

Mlangoni walipishana na wengine wanne wanaoingia. Hawa hawakufanana kwa lolote. Hawakuhusiana na siku ya kuzaliwa ya mtu, wala ya harusi, wala namba za gari, na hawakuonekana kupendana. Walimnong'oneza Veridiana majina yao mara moja tu, wakaingia chini ya kitanda wakanyamaza. Majina hayo hakumwambia mtu, hata Gaudensi hajui, na ndiyo maana katika masimulizi haya hayamo.

Veridiana akaishika kadi kwa kona, wakatoka kwa mlango wa jikoni. Walipokanyaga nje walikuwa wamekwisha kufika benki.

Ukumbi wa benki umejaa watu, na wote wamesimama kama waliosahau walichojia. Karani mwenye miwani, mwanamke mtulivu ambaye shingoni amejifunga kitambaa cha njano, anamwambia Veridiana kwamba leo hakuna huduma kwa sababu mtandao uko chini. Veridiana anauliza chini wapi. Karani anamwonyesha kwa kidole.

Kweli, Mtandao alikuwa chini. Alikuwa jitu refu jembamba, amelala chali sakafuni katikati ya ukumbi, macho yake kwenye dari. Wateja walikuwa wakimruka. Baadhi walimkaripia walipokuwa wakimruka, na mzee mmoja alimkumbusha kwamba wiki iliyopita pia alikuwa chini. Mtandao aliwasikiliza wote bila kuonyesha kuchukia.

Veridiana akapiga magoti, akamuuliza kama anaumwa.

Mtandao akasema haumwi. Alilala tu, na tangu hapo hakuna aliyempa sababu ya kuinuka.

Veridiana hakuwa na sababu ya kumpa. Alichokuwa nacho ni sauti, basi akaimba. Aliimba wimbo wa matoleo ambao kwaya ilikuwa inaufanyia mazoezi, sehemu yake peke yake. Mtu yeyote aliyewahi kuimba sauti ya pili anajua kwamba sehemu hiyo, ikiwa haina wenzake, haifanani na wimbo wowote. Inakwenda mbele kidogo, inarudi palepale, inasubiri, inapanda ngazi moja na kujutia. Watu ukumbini wakakunja nyuso wakijaribu kuutambua. Mtandao naye akakunja uso. Akajiinua kwa kiwiko, akakaa, mwishowe akasimama wima hadi kichwa kikagusa taa, akamuuliza ni wimbo gani huo.

Alipomtajia, akasema asingeujua kamwe. Lakini alikuwa amesimama, na taa zote zikawaka, na foleni ikaanza kusogea.

Kwenye benchi la kusubiri alikaa mwingine wa ukoo wa kadi. Hii ilikuwa kadi ya mkopo, nyeusi, inang'aa, imekunja nne na kusoma gazeti. Kadi ya Veridiana ikaiamkia kama mtu anavyomwamkia binamu mwenye uwezo. Katika mazungumzo ikajulikana kwamba hata yeye, huyo mweusi, alipata pacha juzi, na pacha wake amekwisha kununua televisheni mbili. Hata hivyo alikuwa akisoma habari za michezo.

Veridiana akamuuliza inakuwaje hana wasiwasi.

Kadi ya mkopo ikakunja gazeti. Ikaeleza kwamba ni suala la sahani tu. Papo hapo benchi likajaa sahani, maana katika ndoto ile neno halikutamkwa bure.

"Mwizi akinitumia mimi, anakula kwenye sahani ya benki," ikasema. "Benki inaona sahani yake imeliwa, inapiga kelele yenyewe, na bosi wangu anabishana nayo akiwa ameshiba. Mwizi akimtumia binamu yangu hapa, anakula kwenye sahani ya huyu mama. Mama anaweza kurudishiwa, ndiyo, lakini anaandika barua akiwa na njaa."

 Kadi ya Veridiana ikasema, bila ukali, kwamba sahani za binamu yake nazo ni za kuazima, na zisiporudishwa mwisho wa mwezi huzaa. Wote watatu wakatazama chini ya benchi. Ni kweli, sahani mbili zilikuwa zimekwisha kuzaa visahani vinne, na vilikuwa vinalia.

Kadi ya mkopo ikaona haya, ikavifunika kwa gazeti. Ikakubali kwamba kila nyumba ina mambo yake.

Hapo ukuta wa upande wa pili ukageuka kioo, na nyuma ya kioo kukawa duka kubwa. Ndani yake akaonekana yule pacha. Alitembea kwa madaha kati ya bidhaa, bluu mpya isiyopauka, jina la Veridiana kifuani. Namba za siri alizikosa, kwa hiyo alikuwa ametafuta duka lisiloziuliza, na alilipata. Mbele ya kioo, upande wa benki, ilisimama kwaya nzima ya kigango ikiwa na majoho, tayari kuimba.

Pacha akanunua godoro. Sauti za chini kabisa, wale wanaume wanne wa besi, zikazimika. Vinywa vyao viliendelea kufunguka na kufungika, ila havikutoa kitu. Kwa muda hakuna aliyegundua, isipokuwa mke wa mmoja wao.

Pacha akanunua jokofu. Sauti ya tatu ikanyamaza, pamoja na mwenyekiti wa kwaya, Bwana Aloisi Mgimwa, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona amenyamaza. Alikuwa akizungumza kwa bidii, huku anainua kidole kama kawaida yake, na hapakusikika hata pumzi.

 Veridiana alielewa kabla hajaelezwa. Kila kilichokuwa kikiondoka kule dukani kilikuwa kinatoka kwa hawa, kwa mchango wa yule anayeuza maandazi na wa yule anayefua nguo za watu, nao walimkabidhi yeye bila kudai risiti. Akakimbilia dirishani kwa karani, akamwomba amzuie yule.

Karani akasema hilo linawezekana. Kadi inagandishwa, na anayeitumia anaganda nayo. Ila yapo mambo mawili. La kwanza, barafu haitofautishi mapacha. Akiganda yule, na huyu anaganda. La pili, taarifa ni lazima itolewe kwa sauti ya kusikika, maana taarifa iliyonong'onwa haiandikiki.

Veridiana akageuka kuitazama kwaya. Wote walikuwa wanamtazama, wenye sauti na wasio nazo. Akainama dirishani akamuuliza karani, chinichini, kama haiwezekani kuja Jumatatu asubuhi na mapema, watu wakiwa kazini.

Karani hakumkemea. Aliinama chini ya meza akatoa ndoo iliyojaa maji hadi ukingoni, akaiweka mbele yake. Ubavuni ilikuwa na tundu dogo.

"Hii ndiyo haki yako ya kurudishiwa," akasema. "Leo imejaa. Inavuja polepole, huwezi kuisikia. Ukija Jumatatu utakuta kikombe kimoja."

Wakasikia kengele ya malipo upande wa pili wa kioo. Pacha alikuwa amenunua seti ya makochi. Sauti ya pili ikaanza kuzimika, wanawake wenzake Veridiana, kutoka mwisho wa mstari kuja mbele, na Veridiana akahisi koo lake mwenyewe linakauka kama mtu aliyemeza unga. Akajua kwamba akichelewa kidogo tu hatakuwa na sauti ya kusemea.

Akapanda kwenye benchi, katikati ya sahani.

"Nimeibiwa," akasema. "Nilimpa mtu kadi akaenda nayo nyuma ya pazia, na mimi nikakaa naangalia pindo. Hela za kinanda zimo humo. Nilikuwa naona aibu kuwaambia."

 Karani alikuwa akiandika, kalamu inasikika. Veridiana alisubiri kulaumiwa, na akilini alikuwa amekwisha kujiuzulu, amekwisha kuhamia kigango kingine ambako atakaa benchi la nyuma.

Badala yake Skolastika, mwimbaji wa sauti ya kwanza ambaye kwa miaka yote hakuwahi kukubali kosa hata la noti moja, akakohoa. Akasema kwamba mwezi wa tatu alipigiwa simu na sauti tamu, akaitajia namba zake zote nne, na alipoambiwa azirudie alizirudia. Hakumwambia mtu. Mtu mmoja wa besi, asiye na sauti, akatoa kadi yake mfukoni akaigeuza ili wote waone. Nyuma yake alikuwa ameandika namba ya siri kwa kalamu ya wino, na chini yake, ili asisahau ni ya nini, ameandika "siri". Mwenyekiti Mgimwa akaonyesha kwa ishara za mikono jambo refu linalohusu mashine ya kutolea hela, mgeni mkarimu aliyejitolea kumsaidia, na kofia. Hawakuelewa yote, lakini walielewa kiasi cha kumwonea huruma.

Veridiana akashuka benchini akiwa mwepesi. Karani akagonga muhuri, akamwonyesha kona ya ukumbi, ambako palikuwa na friza ndefu nyeupe, ya aina ile inayowekwa maduka ya soda. Hapo akakumbuka lile jambo la kwanza, kwamba huyu naye ataganda. Akaitazama kadi yake.

Kadi ikamwambia asisumbuke. Kadi ni plastiki, na benki ingemletea nyingine yenye namba mpya. Hata hivyo Veridiana hakuharakisha kwenda kwenye friza, kwa sababu miaka sita si siku mbili. Kadi ile ilijua mengi. Ilijua kwamba viatu vyekundu alivyodai kupewa zawadi na dada yake alivinunua mwenyewe. Ilijua pia kwamba mwaka ule Gaudensi alipokuwa hana kazi, Veridiana alilipia sare mbili za wanakwaya waliokwama, na hakuandika popote.

"Hilo la sare sikumwambia mtu," ikasema. "Hata yule pacha hakulinakili. Halikuwa mgongoni."

 Veridiana aliifuta kwa ncha ya khanga, akaibeba kifuani hadi kwenye friza. Ndani mlikuwa na mifuko ya maji ya barafu upande mmoja, na upande mwingine samaki, perege wakubwa wa bwawa la Mtera, wamepangwa vichwa huku na mikia kule. Perege wa juu akamwambia asogeze, nafasi ipo. Akailaza kadi kati yao, kifua juu, jina likisomeka. Ikamwomba afunge mfuniko vizuri, kwa sababu watu huwa hawafungi. Akafunga.

Nyuma ya kioo pacha alikuwa kwenye kaunta, amejitwisha godoro na ananyoosha kona yake kulipia kinanda. Ndiyo, kinanda, cheupe, cha vitufe vyote, kilekile ambacho kwaya ilikichagua. Kona ikasimama hewani. Ukungu mweupe ukapanda kutoka chini hadi kwenye godoro, naye akawa mgumu kama jiwe la barafu, na mwenye duka akamtundika kofia.

Besi zikarudi kwanza. Zilirudi kwa mngurumo uliotikisa sahani, na safari hii kila mtu alizigundua. Ikafuata sauti ya tatu, zikafuata sauti za pili, na Mwenyekiti Mgimwa akasikika akiwa katikati ya sentensi, akimalizia kusema kwamba kwa maoni yake jambo hili lipelekwe kwenye kamati. Mtandao, kichwa kwenye taa, akaomba wauimbe ule wimbo wote, ajue sasa unakwendaje. Wakauimba. Veridiana akaingia mahali pake, na sehemu yake ikaonekana kuwa ni ya wimbo huo tangu mwanzo.

Walikuwa kwenye ubeti wa pili alipoamshwa kwa kutikiswa bega.

Gaudensi alikuwa amesimama mbele ya kochi na simu mkononi. Alisema simu ya mkewe imekuwa ikitetemeka juu ya benchi la useremala kwa muda, na kwamba asingemwamsha, ila mwisho aliusoma ujumbe na haukumpendeza. Veridiana akaketi, akavaa miwani. Zilikuwa jumbe nne kutoka benki. Tatu zilieleza kwamba mtu alijaribu kulipa kwa kadi yake katika duka la mji ambao hajawahi kufika, na malipo yote matatu yalikataliwa. Wa nne, uliotangulia hizo kwa dakika mbili, ulisema kadi yake imesitishwa kama alivyoomba, na kumshukuru kwa kutoa taarifa mapema.

"Uliwapigia saa ngapi, Mama Fidesi?" Gaudensi akauliza. "Simu nilikuwa nayo mimi, naichaji huko uani tangu tumalize kula."

Veridiana akasema hakumbuki vizuri. Moyo ulikuwa umetulia kuliko alivyotegemea. Akaangalia salio. Hela za kinanda zilikuwepo zote. Akamwambia mumewe kwamba kabla ya jioni atampigia Mwenyekiti Mgimwa amweleze yote, pamoja na lile la pazia, na Gaudensi, anayemjua, akamtazama kwa mshangao.

Kwanza lakini alitaka kuhakikisha na benki yenyewe, na hakutaka kupiga namba iliyoletwa na ujumbe wowote. Alitaka ile iliyoandikwa nyuma ya kadi. Akavuta mkoba, akaingiza mkono, na vidole vikashtuka. Akaitoa taratibu. Kadi ilikuwa nyeupe kwa barafu pande zote mbili, barafu nyembamba ya kufuta kwa kidole, na kwenye kona yake, limeganda hapohapo, gamba moja la samaki.

Gaudensi akanusa, akauliza nani ameleta perege.

Veridiana akaikwangua nyuma kwa ukucha hadi namba ya simu ikaonekana, akapiga. Ilipokelewa haraka, na mwanamke mtulivu, baada ya kumsalimu, akamwomba amsomee tarakimu nne za mwisho zilizoko mbele ya kadi.

"Nisubiri kidogo, dada," Veridiana akasema. "Upande huo haujayeyuka."